Kaburi la Koti

Hadi anaingia mwaka wa nne wa masomo ya sheria, Drateru alikuwa ameshinda kesi saba, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli. Zilikuwa kesi za mazoezi. Mwalimu alikalia kiti cha hakimu, wanafunzi wakawa mashahidi, wezi na wajane, na kila mtu alijua saa ambayo mambo yangekwisha. Mjane wa darasani hana taabu. Ukimbana kwa maswali analia machozi ya bandia, kisha mnaongozana kwenda kunywa chai na mandazi. Ushindi wa namna hiyo mara saba unatosha kumvimbisha mtu kichwa, na Drateru, binti wa kitongoji cha Onduparaka ambaye kwao hakuna aliyewahi kuvaa joho la wakili, alivimba kichwa bila kuomba radhi kwa mtu.

Mwaka huo chuo kikampeleka kwenye kliniki ya sheria mjini Arua akafanye kazi kwa vitendo. Kliniki yenyewe haikuwa na sindano wala dawa. Ilikuwa ofisi ya vyumba viwili ambamo watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili walihudumiwa na wanafunzi, chini ya macho ya wakili mmoja wa kweli. Wakili huyo aliitwa Adriko, mtu mwembamba, mkali wa saa na mpole wa sauti. Utaratibu wake aliurudia mpaka ukachosha masikio. Mwanafunzi humsikiliza mteja na kuandika kila neno kwenye daftari. Kutokana na daftari, huandika maelezo ya shahidi kwa Kiingereza cha mahakama. Kisha kurasa za daftari huchanwa na kubanwa nyuma ya maelezo, ili Adriko alinganishe kabla hayajapelekwa popote.

"Daftari ni sauti ya mteja," alikuwa akisema. "Maelezo ni sauti yenu. Mimi nataka kusikia zote mbili."

Lakini kabla ya kumzoea Adriko, Drateru na wenzake walimpata mwalimu mgeni kutoka Kampala, aliyekuja kwa siku mbili kuwafundisha kuandika maelezo. Bwana huyo alichukua kazi ya Juliet, mwenzake Drateru, ambamo shahidi alieleza kwamba mjomba wake alikataa kula nyumbani kwake na ndipo mtoto akaanza kuugua. Akaisoma mbele ya wote, kwa madaha, akitua kila penye mjomba. "Mahakama haiwajui wajomba wenu," alisema. "Mambo ya kijijini yaacheni kijijini." Chumba kizima kikaangua kicheko. Juliet alitazama meza. Drateru naye alicheka, tena kwa sauti, huku moyoni akiapa kwamba yake haitasomwa hivyo hata siku moja.

Kila Jumanne kliniki ilipanda gari kwenda Koboko na kuweka meza kwenye veranda ya ofisi za tarafa. Hapo ndipo alipomwona Night Poni kwa mara ya kwanza. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mkulima wa Ludara, amevaa gauni lake la kanisani na kushika mkoba wa plastiki wenye makaratasi. Drateru hakujua Kikakwa, Poni hakujua Kilugbara, basi wakakutana katikati, kwenye Kiswahili cha huku kwetu ambacho wanajeshi walikileta na wachuuzi wakakitunza.

Kesi ilikuwa nyepesi kueleza. Poni alikuwa na shamba la marehemu mumewe, Wani, lililogusa barabara ya kwenda mpakani. Shemeji yake, Lako, alitaka kuliuza kwa wakala wa forodha wa Oraba, kule mpakani, aliyetafuta mahali pa kuegesha malori. Lako alisema ardhi ilikuwa ya baba yao na haikugawanywa kamwe. Poni, aliyetaka mahakama imzuie, alisema Wani aligawiwa na baba yake tangu siku aliyomwoa.

"Nani anajua kwamba aligawiwa, Mama?" Drateru aliuliza.

"Wote najua. Yeye iko pale, kaburi yake iko pale. Mutu nazikwa kwa udongo yake. Kama shamba si yake, wazee hapana kubali."

"Alikufa lini?"

Poni aliweka mkoba chini. "Mwaka ile ya vita, ngambo ya mupaka, barabara ya Yei. Yeye alikuwa nauza samaki kavu. Mutu hapana weza kwenda kuchukua maiti, risasi iko kila mahali. Lako alikuwa Kaya, hapo mupakani. Yeye alitafuta, alitafuta, alipata koti tu. Alileta kwa miguu mpaka nyumbani. Sisi tuliweka koti kwa sanduku, katekista aliomba, tulilia siku tatu. Lako mwenyewe aliingia kwa shimo, alipokea sanduku na mikono yake."

"Koti la namna gani?"

"Ya kijani. Kitufe ya pili hapana. Asubuhi ile mimi nilisema ngoja nishone. Yeye alisema atarudi kwanza." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeona haya kulia mbele ya mgeni. "Andika, mutoto yangu. Andika yote."

Drateru aliandika yote. Hata kitufe alikiandika. Mkono ulimuuma, lakini hakusimama, kwa sababu habari hii haikuwa ngeni kwake. Nyuma ya jiko la mama yake, Onduparaka, kuna kaburi la babu aliyepotelea porini katika vita vya miaka ya themanini, na ndani yake mna blanketi. Kila mwaka hupakwa chokaa. Watoto wa nyumba ile hukatazwa kulikanyaga kama wanavyokatazwa makaburi mengine, na hakuna aliyewahi kusimama akauliza kama blanketi ni mtu.

Sasa sikiliza alivyoharibu. Alirudi Arua, akakaa mbele ya kompyuta, akafika penye koti. Akaliona koti lile likisomwa kwa madaha na yule bwana wa Kampala. Akasikia kicheko. Akamwona Mama Poni na gauni lake la kanisani amesimama katikati ya kicheko hicho, na moyo ukamwambia amsitiri. Vidole vikaandika sentensi moja fupi, safi, aya ya sita: *Mume wangu alifariki mwaka 2016 na akazikwa na ukoo wake katika ardhi hiyo.* Koti likaondoka. Pamoja na koti akaondoka Lako ndani ya shimo, na hilo Drateru hakuligundua. Kurasa za daftari hakuzichana. Alizifungia begini, akajiambia atazibana kesho.

Siku ya kula kiapo foleni ilikuwa ndefu. Drateru alimsomea Poni maelezo kwa Kiswahili, aya kwa aya, na alipofika ya sita akasema, "Hapa ni mambo ya bwana yako na kaburi, kama ulivyosema," akaruka kwenda ya saba. Poni akaitikia kwa kichwa, akachovya dole gumba kwenye wino. Adriko, ambaye asubuhi hiyo alikuwa na kesi tatu, alisoma maelezo, akatafuta kurasa nyuma, akaambiwa zinakuja, akatia sahihi. Wiki iliyofuata alibandika nakala ukutani ili wengine waige. "Hakuna hata neno moja la ziada," alisema. Drateru alitembea juma zima akiwa kama amenunuliwa viatu vipya.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita mahakama ilikwenda Ludara kuliona shamba. Ndivyo inavyofanyika kwenye kesi za ardhi: hakimu huacha kiti chake, huvaa buti za mpira, hupita mipakani na wenye kesi na kuuliza maswali papo hapo. Hakimu huyu alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa porojo. Walipita kwenye mihogo, wakapita kwenye simsim, wakafika kwenye tuta lililozungushiwa mawe, nyuma ya nyumba ya Poni. Majirani walikuwa wamekwisha jaa. Lako alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, akitazama mihogo kana kwamba ni mara yake ya kwanza kuiona.

Wakili wa Lako, Amandu, alikuwa mtu wa adabu nyingi, na adabu hizo zilimtisha Drateru kuliko kelele. Alimuuliza Poni kwa Kiingereza, karani akatafsiri kwa Kikakwa na kurudisha majibu. Katika lugha yake mwenyewe Poni hakubabaika hata kidogo.

"Mama, nani amezikwa hapa?"

"Wani, mume wangu."

"Mwili wake umo humu?"

"Mwili ulibaki Yei. Humu mna koti lake. Tulilizika mwaka uleule."

Amandu akatoa karatasi, akasoma aya ya sita polepole, akampa karani aitafsiri neno kwa neno. "Hiki ni kidole chako?"

"Ni changu."

"Uliapa kwamba mumeo alizikwa hapa. Koti hukulitaja. Leo umesikia kwamba tuna shahidi aliyeona mwili Yei, ndipo koti linazaliwa. Mteja wangu anasema humu hamna kitu chochote. Ni tuta la udongo ulilolifanya mwaka jana ugomvi huu ulipoanza, ukapanga na mawe. Ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?"

Watu wakaguna. Poni aligeuka akamtafuta Drateru kwa macho, akamwona, akatulia. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa akingoja tu, kama mtu anavyomngoja mwenzake aliyeshika ufunguo wa nyumba.

Adriko akainama sikioni mwa Drateru. "Alikuambia habari za koti?"

Daftari lilikuwa begini, na begi begani. Drateru aliona moyoni karatasi iliyobandikwa ukutani, akamwona Juliet na kila aliyeambiwa aige, akaona mwaka wake wa mwisho ukimponyoka. Akasema, "Sikumbuki vizuri, Wakili."

Adriko akashusha pumzi, akanyooka, akamwacha Amandu aendelee.

Amandu aliomba kaburi lifukuliwe, kama kweli kuna koti. Hakimu akakataa pale pale. "Mahakama hii haifukui makaburi," alisema. "Lakini mdai akiapa uongo, sina sababu ya kuamini neno lake jingine lolote. Alhamisi nitaamua kama kesi hii inaendelea au naitupa. Mwenye ushahidi wowote aulete siku hiyo." Karani akatafsiri. Poni alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akaenda kuwaletea watu maji ya kunywa, maana walikuwa wamefika nyumbani kwake.

Njiani kurudi Arua, Adriko alimfariji. Wazee husahau, alisema, wengine huongeza chumvi wakiona watu wengi. Usijilaumu. Drateru alitazama nje ya dirisha na kujichukia.

Jumanne hakwenda kazini. Alisema tumbo linamuuma, na halikuwa neno la uongo kabisa. Alasiri, vijana wakishangilia mpira uwanjani, alimkuta mama yake nyuma ya jiko, akiwa na debe la chokaa na brashi, akipaka kaburi la babu. Drateru akachuchumaa karibu naye.

"Mama, humu yumo nani?"

"Baba yangu," mama yake akajibu bila kugeuka. "Umelewa?"

"Lakini ni blanketi."

Brashi ikasimama. "Nani amekuambia useme hivyo?" Sauti ilikuwa ndogo, na iliumia. "Nani huko kwenu shuleni amekuambia?"

Hakuna aliyemwambia. Hata yule bwana wa Kampala hakuwahi kusikia habari za blanketi wala za koti. Aibu ile Drateru aliitengeneza mwenyewe, akamvalisha Poni, akamwacha nayo peke yake mbele ya watu wa Ludara. Alilia pale pale kando ya debe la chokaa, na mama yake, asiyejua kinachomliza, alimwacha alie.

Jumatano asubuhi aliweka daftari mezani kwa Adriko, limefunguliwa. Adriko alisoma ukurasa wote. Akarudia. Alipofika mahali penye Lako ndani ya shimo, akaweka kidole hapo.

"Unajua hiki ni nini?"

"Ni habari ya koti, Wakili."

"Hii ndiyo kesi yote," Adriko alisema. "Mtu anayedai ardhi si ya kaka yake aliingia kwa miguu yake kumzika kaka yake katika ardhi hiyo. Ningemuuliza Lako swali moja tu, Jumatatu, mbele ya majirani waliomwona. Ulikuwa nalo daftari hili begini?"

"Nilikuwa nalo."

"Na nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Adriko hakupaza sauti, na Drateru aliomba aipaze. Aliinuka akaibandua ile karatasi ukutani, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Kisha akasema kwamba hata yeye alitia sahihi bila kuona kurasa, na hilo ataliandika katika ripoti pamoja na la Drateru, na chuo kitaamua. Mwaka huu asitegemee kufaulu. Sasa akae chini aandike hati ya kiapo kueleza alichofanya, kwa mkono wake mwenyewe. "Na mpigie Mama Poni. Aambiwe leo hii."

Poni hakuwa na simu. Alitumia ya jirani yake, Shamira. Drateru alipiga saa nne, akapiga saa sita, akapiga saa tisa. Simu ya Shamira ilikuwa imezimwa, labda iko sokoni inachajiwa. Jioni akasema liwe liwalo, kesho watakutana mapema.

Alhamisi walifika Koboko kabla ya saa tatu. Poni alikuwa amekwisha kaa kwenye benchi la nje ya mahakama, na lile gauni la kanisani, na Shamira kando yake akimshika mkono. Mapajani alikuwa na furushi la kitenge. Pindo la gauni lilikuwa na udongo mwekundu. Kucha zilikuwa na udongo.

Drateru alijua kabla hajaambiwa. Akaenda mpaka kwenye benchi.

"Mama, nini hii?"

"Ushahidi," Poni alisema. "Hakimu alisema mutu alete. Jana asubuhi mimi nachimba. Shamira nasema ngoja tuite wazee, mimi nasema wazee watakataa, na kesi iko kesho." Aliongea kwa utulivu, kama anayeeleza njia. "Sanduku imeoza. Koti hapana oza yote."

"Mama, nimeleta daftari." Drateru alilitoa begini. "Uliniambia kila kitu. Mimi ndiye niliyetoa koti kwenye karatasi. Niliogopa watu watakucheka. Leo nakuja kusema mbele ya hakimu kwamba hukudanganya. Haikuwa lazima uchimbe. Nilikupigia jana..."

Poni alilitazama daftari. Hakujua kusoma, lakini alijua ni lile. "Siku ile mimi naona mukono yako naandika," alisema. "Tangu Jumatatu mimi natafuta, nakosa wapi, nasema nini mubaya. Wewe naona haya ya koti ya bwana yangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Leo utasema?"

"Leo."

"Na Jumatatu?"

Shamira aliguna na kutazama pembeni. Karani akatoka akaita kesi.

Ndani, mambo yalikwenda haraka kuliko kesi yoyote ya darasani. Adriko alisimama akaomba ruhusa, na Drateru akasoma hati yake ya kiapo, sauti ikimkatika mara mbili. Alisema mteja alimweleza habari ya koti tangu siku ya kwanza, kwamba yeye aliifuta, kwamba hakumsomea aya ya sita, na kwamba Jumatatu aliulizwa na wakili wake akadanganya. Hakimu alichukua daftari, akasoma, akamtazama juu ya miwani kwa muda ambao Drateru atauota miaka mingi. "Wewe unataka kuwa wakili," alisema, na hakuongeza neno. Afadhali angeongeza.

Amandu, kwa adabu zake, akasema daftari linaweza kuandikwa usiku wa jana. Ndipo Poni akainuka bila kuitwa, akaja mpaka mezani, akafungua kitenge.

Koti lilikuwa limeshikana na udongo, sehemu za mikono zimeliwa, lakini kola ilionekana bado kuwa ya kijani. Juu yake palikuwa na rozari ya shanga nyeupe za plastiki. Poni akainyanyua, akaigeukia safu ya upande wa pili, akasema jambo kwa Kikakwa, fupi sana. Karani akasita, kisha akatafsiri. "Anasema: Shemeji, uliivua shingoni mwako. Chukua."

Lako alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwamuru asimame. Alikitazama kile kitu mkononi mwa shemeji yake, midomo ikamcheza, na mzee mzima akaziba uso kwa viganja akalia kwa sauti, kilio kile kile cha msibani. Amandu alimvuta shati akae. Hakimu alimuuliza mara moja tu kama rozari ni yake.

"Ni yangu," Lako alisema. "Nilimwekea mimi."

Basi kesi haikutupwa. Hakimu aliandika kwamba mdai hakuapa uongo, kwamba kosa lilikuwa la kliniki, na kwamba usikilizwaji utaendelea mwezi wa tisa. Akaamuru koti na rozari vipokelewe kama vielelezo. Adriko alimnong'oneza Drateru kwamba sasa shamba lina nafasi nzuri ya kubaki, nzuri sana. Alisema hivyo bila kutabasamu.

Watu walipotoka, karani akampa Drateru fomu ya vielelezo ajaze, kazi za namna hiyo zikiwa za wanafunzi. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa maelezo. Akaandika, na Poni, aliyekuwa amesimama kando ya meza, akamuuliza ameandika nini.

"Koti moja la kijani, kuukuu. Rozari moja nyeupe."

"Na kitufe?"

Drateru alinyanyua macho.

"Andika," Poni alisema. "Kitufe ya pili hapana. Mimi nilisema nishone, yeye alisema atarudi kwanza. Lako alileta kwa miguu. Andika yote."

Karani alitazama saa ya ukutani. Drateru akaigeuza fomu upande wa nyuma, penye nafasi, akaandika yote, kisha akamsomea kwa Kiswahili kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, polepole, bila kuruka kitu. Poni alisikiliza, mkono wake umelala juu ya kola ya koti. Drateru alipomaliza, Poni akaweka dole gumba. Karani akatia koti na rozari kwenye mfuko wa karatasi, akaufunga, akaupiga muhuri, akaondoka nao kuelekea stoo.

Poni aliufuata mfuko kwa macho mpaka mlango ukafungwa. "Watanirudishia lini?"

"Kesi ikiisha, Mama."

"Kesi itaisha lini?"

"Sijui. Mwezi wa tisa wataendelea. Wakikata rufaa, inaweza kuchukua miaka."

Poni alikunja kile kitenge kitupu, pembe kwa pembe, udongo ukidondoka sakafuni. Alipomaliza alisimama nacho mkononi, kana kwamba hajui akipeleke wapi.

"Shimo iko wazi kule nyumbani," alisema. "Mutoto yangu, wewe nasoma sheria. Mimi nafunika, ao nangoja yeye?"